Bastola ya Bwana Hapana

Tak.

Ilikuwa sauti ndogo, kama ya kijiti kikavu cha muwati kilichokanyagwa na mbuzi, na haikuacha mwangwi. Kefa Mlowe alikuwa amekwisha kusikia bunduki nyingi kabla ya hiyo. Alilisikia gobore la babu yake, ambalo likilia kuku walikimbilia mvunguni na mbwa wa kijiji cha pili wakabweka. Aliisikia mizinga ya Burma, iliyomtikisa mtu tumbo kwanza ndipo masikio yakapata habari. Hizo zote zilimtoka. Iliyobaki ni hiyo ndogo. Ilimjia akiwa anafunga kamba za viatu, au amekaa kanisani mchungaji anapofungua Biblia, na kila ilipomjia alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Alikuwa mtu wa Mahongole, mtoto wa mkulima aliyebatizwa na Wajerumani akazikwa chini ya Waingereza. Alikwenda vitani akiwa kijana mwenye mashavu, akarudi na kikohozi cha asubuhi, na desturi ya kukunja blanketi pembe kwa pembe ambayo mkewe Dorika hakuchoka kuicheka. "Blanketi lenyewe moja," alimwambia, "nawe unalikunja kama la gavana."

Baada ya vita aliajiriwa kwenye shamba la miwati, kando ya barabara itokayo Makambako kwenda Njombe. Miaka ile miwati ilikuwa imevifunika vilima kimoja baada ya kingine, na mahali palipokuwa na malisho pakawa na kivuli cha baridi. Wanaume waliikata miti, wakaiambua magome, wakayafunga mizigo na kuyaleta bandani yakauke kabla ya kupelekwa kiwandani kutengenezwa dawa ya ngozi. Kefa ndiye aliyesimamia banda hilo. Na kwa kuwa alikuwa askari zamani, alikabidhiwa pia bunduki za bwana wa shamba, azisafishe na kuzipaka mafuta.

Watu walimjua kwa jambo jingine: hakusema uongo. Wala hakujivunia hilo, ulimi wake haukuijua njia ya uongo, basi. Ukizuka ugomvi wa mpaka, wazee walisema, "Mwiteni Kefa, alikuwepo," na alichosema ndicho kilichokuwa mwisho wa maneno. Yonathani, mume wa Idda, dada yake mdogo, alimdhihaki kwa sababu hiyo.

"Mlamu," alimwambia, "siku ukifa Mungu hatakuuliza ya kwako. Atakuketisha umweleze ya kwetu."

"Na yako nitaanza nayo," Kefa alijibu.

"Anza nayo. Lakini umwombe maji ya kunywa kwanza, ni marefu."

Yonathani alikuwa mkata miti, mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele, na hakuna aliyewahi kumwona akitembea bila kusema au kupiga mluzi. Msimu wa mvua, mianzi inapotoa ulanzi, pombe yake tamu, alikuwa mtu wa kwanza kuonja na wa mwisho kuondoka, lakini Jumapili alikuwa kanisani amekaa wima, akiimba sauti ya chini kwa nguvu zake zote. Idda alimpenda bila kuficha, jambo ambalo wanawake wenzake waliliona kama utovu wa adabu.

Bwana wa shamba alikuwa Mwingereza mwembamba, mjane, aliyekuja na miwati na ambaye watu walidhani ataondoka nayo. Jina lake lilikuwa gumu kwenye ulimi wa Kibena. Wakamwita Bwana Hapana, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa na ukanushi mmoja tu. "Hapana lala." "Hapana sahau." "Mimi hapana ona." Hakuwa mtu mbaya. Alipandisha sauti mara chache, na mtu akiugua alimpeleka dawa mwenyewe. Alikuwa na mapenzi mamoja, kulenga shabaha. Jumamosi baada ya kazi, wazungu wengine walipokwenda kunywa, yeye alichukua bunduki yake kubwa akashuka bondeni.

Kule bondeni kulikuwa na utaratibu. Shabaha ilisimamishwa mbali, chini ya kilima. Mbandikaji, yaani mtu wa kuziba matundu ya risasi kwenye karatasi, alikaa ndani ya handaki na bendera nyekundu. Bendera ikiwa juu, hakuna kugusa bunduki. Ikishuka, mtu ameingia ardhini, piga. Hakuna aliyehitaji kusema neno, na hata angelisema lisingesikika.

Kisha ikaja bastola.

Ilitoka Uingereza kwa meli, ikapanda reli, ikapanda basi, na Kefa akaenda na lori kuipokea Makambako, ambayo wakati huo ilikuwa njia panda, maduka machache ya Wahindi, na upepo. Akarudi nayo amepakata kisanduku magotini njia nzima, kwa kuwa bwana alikuwa amemwambia, "Hapana weka chini."

Kilifunguliwa barazani. Ndani kulikuwa na karatasi yenye nta, na harufu ya mafuta ambayo Kefa aliivuta kwa pua zote mbili; ilikuwa harufu ya stoo ya kikosi chao, kabla ya mvua za Burma na kabla ya maiti. Bastola yenyewe ilikuwa nyeusi inayoelekea buluu, na mtutu mrefu mwembamba usiolingana na kiwiliwili chake, kama shingo ya korongo. Mpini ulikuwa wa mti uliochongwa kufuata kiganja, wenye vidato vya vidole na egemeo la kidole gumba. Tundu la mtutu lilikuwa dogo hata Kefa akadhani limezibwa kwa nta. Alilielekeza kwenye mwanga, akaona upande wa pili duara la anga lisilozidi punje ya mtama, na mistari ya ndani ikijizungusha taratibu kama ukungu unaopanda.

Na risasi! Zilikuja ndani ya kikasha kidogo cha karatasi, zikiwa na ncha laini ya kijivu juu na shaba nyembamba chini, kila moja ndogo kuliko mbegu ya boga. Bwana Hapana akamwonyesha ukingo wa kitako chake. Risasi kubwa, alieleza kwa mikono, hugongwa katikati. Hii hugongwa pembeni, kwenye ukingo, na baruti yake ni chembe tu. "Kwa mchezo," akasema. "Kwa shabaha. Hapana kwa vita."

Kisha akampa aishike.

Kefa aliipenda. Hilo lisemwe, kwa sababu baadaye watu walitaka aseme aliichukia tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kulisema. Ilikuwa nzito kuliko macho yalivyodhani, lakini uzito wake ulikuwa umetulia. Alipoinua mkono mtutu ulikwenda mbele wenyewe ukasimama, kama mbwa mwenye adabu. Kifyatulio kilijibu kabla kidole hakijakaza. Bwana alipoipiga mara ya kwanza, kwenye gogo nyuma ya banda, mkono wake haukurushwa wala bega halikusukumwa. Tak. Ndani ya banda wanawake waliokuwa wakigeuza magome hawakuinua hata vichwa.

"Unaonaje?" bwana aliuliza, na uso wake ulikuwa wa mtoto.

"Nzuri, Bwana. Imekaa."

Yonathani, aliyekuwa akipita na shoka begani, alisimama akatazama.

"Kamwene, mlamu," alisalimu. "Hiyo ndiyo bunduki?"

"Ndiyo hiyo."

"Imetoka Ulaya, imevuka bahari yote ile?" Alisogea, akainama, akakisogezea sikio kikasha cha risasi kama mtu anayesikiliza vifaranga. "Mbona inakohoa tu? Hiyo ukimpiga panya atageuka akuulize una shida gani."

Hata Bwana Hapana, ambaye hakuelewa yote, alicheka. Yonathani akaendelea: mkewe alikuwa na paka mwenye sauti kubwa kuliko hiyo, mlamu wake, shujaa wa Burma, sasa amepewa bunduki ya kutafunia karanga. Jina likashika siku hiyohiyo. Shamba zima likaiita Kikohozi.

Wote walikosea hapo, kila mmoja kwa namna yake, na kosa lilikuwa moja. Kwao bunduki ilikuwa ngurumo. Gobore lilinguruma, nao walilikimbia. Bunduki ya bwana ilinguruma, nayo ilipewa handaki na bendera. Kitu kisichonguruma kilipewa nini? Kilipewa uwanja mdogo nyuma ya banda la magome, ubao ulioegemezwa kwenye ukingo wa udongo, na umbali ambao mtu angeweza kuomba kiberiti bila kupaza sauti. Handaki halikuchimbwa. Bendera ilibaki bondeni, imeviringishwa kwenye ufito wake. Watu wapo karibu, wanaonana, watasemezana.

Jumamosi ya tatu mbandikaji wa kila siku alikuwa na homa. Bwana akamwita Yonathani, ambaye alikuwa na jipu mguuni na hakwenda kukata. Akapewa kopo la uji mzito wa unga wa ngano na vipande vya karatasi. Kefa alisimama kuume kwa bwana, akijaza risasi kwenye chuma chembamba kinachoingia ndani ya mpini. Ni kazi ya kuinamisha kichwa: kila risasi husukumwa kwa kidole gumba, na ukingo wake ukipanda juu ya ukingo wa nyingine, bastola hukwama. Kwa hiyo aliyoyajua ya dakika ile aliyajua kwa masikio.

Alisikia mluzi wa Yonathani, wimbo wa kanisani aliozoea kuuharakisha. Akausikia ukikoma. Akasikia bwana akisema, kwa sauti ya kawaida, "Yonathani, tayari?"

Na Yonathani akajibu, "Tayari, Bwana!"

Tak.

Kefa alipoinua macho, shemeji yake alikuwa bado kando ya ubao, amegeuka nusu, kopo mkononi. Karatasi ilikuwa imebandikwa vizuri. Alikuwa akitazama tumbo lake kama mtu aliyemwagikiwa na uji na anatafuta ulipoangukia.

"Mlamu," akasema, "huyu mzungu wako ameniuma."

Bastola ilikuwa imeanguka majanini. Bwana Hapana alikimbia, na Kefa hakuwahi kumwona akikimbia. Walimvua shati. Kulikuwa na kitundu kimoja, kando ya kitovu, kidogo kama kilichoachwa na funza aliyetolewa, na damu yake isingejaza kijiko. Mgongoni hapakuwa na kitu. Yonathani mwenyewe alikitia kidole akacheka, ingawa midomo ilikuwa imekuwa myeupe.

"Kikohozi," alisema. "Niliwaambia. Ingekuwa bunduki ningekuwa vipande viwili."

Bwana alitaka lori liwashwe, majeruhi apelekwe Njombe hospitalini. Yonathani akakataa, aende kulala wodini kwa tundu la sindano, wenzake wamwimbie maisha yake yote? Mpaka dawa wa shamba, mtu wa kufunga vidonda, akalisafisha jeraha, akalifunga, akaona halitoki damu. Kefa aliyekuwa ameona watu wakipasuliwa na mabomu alilitazama tundu lile na moyo wake ukashuka mahali pake. Bwana aliuliza tena, akakataliwa tena, akamtuma nyumbani na blanketi. Yonathani alitembea mwenyewe hadi kwake.

Jumapili hakula. Jumatatu tumbo lake lilikuwa gumu kama ngozi ya ngoma iliyowambwa juani, na Idda akimgusa, mumewe alilia kama mtoto. Hakuwa tena na mzaha wowote. Jumanne walimpakia kwenye lori juu ya magome laini, Idda amekipakata kichwa chake, na alikata roho kabla hawajafika Njombe, pale barabara inaposhuka penye mianzi. Dereva hakujua, Idda ndiye aliyempigia paa la gari kwa kiganja ili asimame, mara moja, polepole. Kefa aliyekaa miguuni pa maiti aliona ukungu ukipita kati yao na mianzi.

Walimzika Mahongole. Na jioni ya maziko, wanawake wakiwa wamelala chini kwenye majani nyumba nzima, Idda alimvuta kaka yake nje ya mlango. Habari ilikuwa imekwisha kufika kwamba Bwana Shauri wa Njombe, yule afisa wa serikali, atalichunguza jambo lile, na kwamba Kefa ni shahidi.

"Kaka, sitaki afungwe mtu," Idda alisema. "Huyo bwana wenu amekuja hapa akapiga magoti kwenye udongo, nimemwona. Nataka kitu kimoja."

"Sema."

"Mama mkwe wangu anasikia watu wakinong'ona. Wanasema Yonathani alikuwa mtu wa mchezo, kifo amekichezea mwenyewe. Wanasema pengine alikuwa amekunywa. Hakunywa, kaka. Usiache waandike huko bomani kwamba alijitakia. Watoto wake watasoma shule. Wataambiwa."

"Nitasema nilichokisikia," Kefa alisema.

"Ndiyo maana nakuomba wewe."

Ofisi ya boma ilikuwa na sakafu iliyong'arishwa hata viatu vya Kefa vikaona aibu. Bwana Shauri alikuwa kijana mwenye mafua. Karani mkalimani, Manase, alikuwa Mbena mwenzao aliyesoma misheni, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na mkono mlaini, na alimsalimu Kefa kwa Kibena kabla ya kazi kuanza, ili ajue hayuko peke yake.

Bwana Hapana aliulizwa kwanza. Alijibu kwa Kizungu, macho sakafuni. Manase alimweleza Kefa kwa sauti ya chini: anasema alimwuliza kama yuko tayari, akajibu, naye alikuwa amelenga, akapiga. Anasema ilimpasa aangalie kwanza. Anasema amezoea kwao, neno hilo likitoka, uwanja huwa mtupu.

Zamu ya Kefa ikafika. Aliapa juu ya Biblia.

"Bwana anauliza, ulimsikia marehemu?"

"Nilimsikia."

"Alisema neno gani?"

Kefa aliliona shimo kabla ya kulikanyaga. Akatafuta njia ya pembeni, na ulimi wake haukuijua.

"Alisema tayari. Lakini, karani, ngoja. Usimwambie hivyo tu."

Manase alikuwa amekwisha kutamka neno moja la Kizungu, fupi, na Bwana Shauri amekwisha kuliandika.

"Si hivyo," Kefa akasema. "Mweleze. Sisi tukisema tayari, kazi imekwisha. Mke wako akikwambia ugali tayari, si kwamba yeye ameondoka jikoni. Bado yuko palepale na mwiko wake mkononi. Yonathani aliulizwa habari ya karatasi. Alijibu habari ya karatasi. Alisema, nimekwisha."

Manase alikuna kidevu kwa kalamu. "Ndugu yangu, nikimwambia marehemu alisema 'nimekwisha,' ataandika kwamba alisema anakufa."

"Basi tafuta neno jingine. Wewe ndiye uliyesoma."

Na Manase alijaribu, haki yake apewe. Alizungumza kwa muda mrefu, akaonyesha ubao kwa mkono, akaonyesha mtu anayebandika, hata ugali Kefa aliusikia ukitajwa. Bwana Shauri alisikiliza, akapenga kamasi, akauliza swali moja.

"Anauliza, bwana wa shamba alimwuliza kwa neno gani?"

"Tayari."

"Na marehemu akajibu kwa neno hilohilo?"

"Hilohilo."

"Anasema basi."

Ikasomwa. Manase aliitafsiri akitazama dirishani: kifo cha ajali, marehemu, kwa kutojali, alitoa idhini ya kupiga ilhali bado amesimama kwenye shabaha, hakuna mashitaka. Hakuna aliyesema uongo ndani ya chumba kile. Bwana Hapana alisema kweli, Kefa alisema kweli, karani alifasiri neno kwa neno, na kilichotoka kikaandikwa kwa wino, na hakikuwa kweli.

Nje Manase alimfuata hadi kwenye ngazi. "Kwa kutojali, hilo si neno langu," alisema. "Nilimwambia hawakuelewana, yeye na bwana wa shamba. Akasema ni yaleyale."

Kefa alirudi na lori la magome, nyuma, katikati ya mizigo. Baridi ilikuwa ile ya mwezi wa sita inayouma masikio. Njia nzima alijaribu kuyapanga maneno ili yawe kweli na bado yaweze kusemwa, na kila alipoyapanga yaliporomoka penye neno lilelile.

Wafiwa walikuwa bado wamekaa uani, wamejifunika mashuka, moto umewashwa katikati. Mazungumzo yalikoma alipoingia. Mama yake Yonathani alikuwa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani, viganja juu, kama vya mtu aliyepokea kitu kikachukuliwa. Idda alitoka ndani. Hakumpa maji wala hakumwambia aketi. Alisimama mbele yake, na watu wote waligeuza nyuso, kwa sababu aliyekuwa anangojewa kusema ni Kefa, na atakachosema ndicho kitakachokuwa.

"Wamesemaje, kaka? Wamesema Yonathani alikosea?"

Kefa alivua kofia. Alitazama moto, akamtazama mama yake Yonathani, akarudisha macho kwa dada yake. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo hata waliokuwa karibu waliinama ili waisikie.

"Hakukosea," alisema. "Ndivyo walivyoandika."